Kilindini, Sita Hadi Moja: Kwa Anayesema Bandari ni Makontena Tu

Haya, mbishi wa kijiweni, tega sikio. Tunashuka kutoka sita hadi moja, na ukinikatiza tunaanza upya.

6. Bandari ya Kale. Kabla ya bandari ya Kilindini, majahazi yalitia nanga upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, jirani na ngome ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Kaskazi ilileta tende na mazulia kutoka Uarabuni na Uajemi, kusi ikarudisha boriti na pembe za ndovu. Injini upepo, mafuta bure!

5. Vasco da Gama. Alifika 1498, Mombasa ikamshtukia mapema, akajiendea Malindi akakirimiwa. Watani wa Malindi, mgeni wenu huyo! Wareno wenzake walirudi 1505 wakauchoma mji wetu.

4. Reli. Ilianza kujengwa hapa 1896, ikafika Kisumu 1901. Meli za vyuma na mataruma zilitaka kina kirefu, ndipo Kilindini ikapata cheo. Hata hivyo, kwa miaka meli zilisimama majini, shehena ikavushwa kwa matishari. Gati mbili za kwanza za maji marefu zilikamilika 1926. Bara zima lilikula kupitia mlango huu, na bado linakula: Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, mashariki ya Kongo. Hakuna jirani wa kutununia!

3. Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliposhambulia Colombo, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, na shule ya Allidina Visram ikawa kituo cha kufumbua ujumbe wa siri wa Japani. Mwanafunzi anayelia kuwa hesabu ni ngumu asikie hilo.

2. Lango la Likoni. Njia ya meli na njia ya feri ni mkondo mmoja. Meli ikiingia, tagi zikiikokota, feri husubiri, na abiria wenye baiskeli, vikapu vya samaki na watoto mgongoni huinua shingo kuutazama ukuta wa chuma ukipita karibu kabisa. Umechelewa kazini? Mwambie bosi ulipishana na jengo linaloelea. Meli hiyo ikiwa ya makontena, inaweza kwenda Kipevu, kwenye kituo cha pili cha makontena kilichofunguliwa 2016 kwa mkopo wa Japani. Ikiwa ya mafuta, ina gati zake mpya tangu 2022. Mwaka 2024 bandari ilivuka makontena milioni 2, kwa kipimo cha futi 20.

1. Makuli. Nambari moja ni yao, usinibishie. Gunia begani, ngazi ya meli, jua la saa sita. Januari 1947 maelfu waligoma pamoja na wa reli na wa hotelini, Mombasa ikasimama. Mwaka 1955 wakagoma tena, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaingia kusuluhisha, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Meli zilikaa zimeshiba, hakuna wa kuzipakua. Nionyeshe kreni iliyowahi kufanya hivyo!