Toyota Darasani, Nyanya Barabarani

Mwaka 1985 Michael Porter wa Harvard alichapisha kitabu kilichoeneza dhana ya mnyororo wa thamani. Leo mwanafunzi wa biashara mjini Iringa anauchora hata akiwa amefumba macho: malighafi kushoto, mteja kulia, mishale katikati. Mtihani ukija, mfano ni Toyota.

Nyanya za Ilula bado hazijatungiwa swali.

Zimepangwa kwenye matenga kando ya barabara kuu ya Morogoro, kabla hujaushuka mlima Kitonga. Wajapani walisifiwa kwa kupunguza akiba ghalani, kila kipuri kifike kinapohitajika. Ilula nako mzigo haulali ghalani, kwani ghala la ubaridi liko wapi? Nyanya imeiva leo, dalali anajua imeiva leo, na bei anaitaja yeye. Tenga hujazwa mpaka lifanye kilima, na kilima hicho hakilipiwi. Kwa Porter hakina mshale.

Mapumziko yakifika, darasa zima linakula chipsi za viazi vya Njombe, sosi ya Dabaga juu yake, kisha linarudi ndani kujifunza jinsi McDonald's wanavyokaanga.