Shangazi Mkasi Anajibu: Wisteria Isiyochanua na Nyingine Isiyotaka Kufa

Barua za juma hili karibu zote zinalia na mmea mmoja. Sijui nani aliwaambia nyinyi mlio ughaibuni kwamba nyumba haijawa nyumba mpaka ining'inize vishada vya zambarau mlangoni. Lakini maadamu mmeshapanda, haya, tuzungumze.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa Reading, Uingereza. Tulipohamia hapa tulipanda wisteria kwenye ukuta unaopata jua. Huu mwaka wa tisa. Naimwagilia, naitilia mbolea ya nyasi tunayonunua kwa ajili ya uwanja, hata naisemesha. Majani tele, ua hata moja. Mama mkwe anasema haichanui kwa sababu ya mkono wangu, na siku hizi ameanza kunitazama tumbo. — Mkono wa Nuksi"

Marahaba, mwanangu. Tumbo lako tuliache, si fani yangu. Mkono wako hauna nuksi, una ukarimu uliopita kiasi. Wisteria ni ya jamii ya mikunde, ukoo mmoja na maharage, na hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi mizizini mwake. Mbolea ya nyasi imejaa naitrojeni hiyohiyo. Unamlisha aliyeshiba, naye anakulipa majani. Acha leo.

Kisha inama uchunguze shina karibu na udongo. Ukiona kinundu, mche wako ulibebeshwa, na ulipaswa kuchanua ndani ya miaka mitatu au minne. Usipokiona, huenda ulioteshwa kwa mbegu, na wa mbegu unaweza kukuweka hata miaka 20. Hapo mwambie mama mkwe avute kiti.

Sasa mkasi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wisteria hukatwa mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa Julai au Agosti, zile kamba ndefu zinazochungulia dirisha la jirani zirudishe kila moja hadi majani matano au sita. Januari au Februari, mmea ukiwa hauna jani, zirudie kamba zilezile uzifupishe hadi yabaki macho mawili au matatu. Vitawi hivyo vifupi ndivyo vinavyobeba maua. Tazama vizuri kabla ya kukata: jicho la ua ni nene na la mviringo, la jani ni jembamba na limechongoka. Watu hukata mara moja tu, wakati wa baridi, tena kwa hasira, wakagusa hata yale manene. Halafu wanaandika kwangu. Kamba unazozihitaji kujaza ukuta, chache tu, zilaze kwenye waya na uzifunge. Nyingine zote hazina kazi.

Mumeo naye mpe kazi ya kupanda ngazi. Kamba ikipenya chini ya vigae au nyuma ya gata hunenepa hukohuko, na vigae ndivyo vinavyohama. Mwaka 2009, magazeti ya huko yalipofichua gharama ambazo wabunge walikuwa wakirudishiwa, David Cameron, wakati huo kiongozi wa upinzani, alikutwa na hati ya pauni 680 za matengenezo, ikiwemo kuondoa wisteria kwenye bomba la moshi. Alizirudisha. Nyinyi hamna Bunge la kuwalipia.

"Shangazi, nilinunua nyumba hapa Atlanta, nikairithi wisteria ya mwenyewe wa zamani. Imemeza uzio na kuupanda msonobari wa jirani. Nilikata shina, ikachipua uani kote. Jirani ametaja mwanasheria. Na likizo hii wajukuu wanakuja. — Mzee wa Kamba"

Mzee mwenzangu, pole. Wisteria ya Kichina na ya Kijapani huko kusini mwa Marekani zimo kwenye orodha za mimea vamizi. Zilitoroka bustanini zikaingia porini. Vitabu vitakwambia ya Kichina hujiviringisha kinyume cha mwendo wa saa na ya Kijapani kufuata mwendo wa saa. Yako isipoeleweka usishangae, huko zimeoana sana. Ujue pia unashindana na nani: katika mji wa Sierra Madre, California, kuna moja iliyopandwa 1894. Iliiharibu nyumba iliyokuwa kando yake, nyumba ikavunjwa, mmea ukabaki, na watu wa mji huufanyia tamasha kila mwaka.

Kwenye msonobari, kata kamba usawa wa kiuno kisha uache ya juu ikauke yenyewe. Ukiivuta itashuka na matawi ya jirani, na hapo mwanasheria atakuwa na hoja. Ya chini, kata karibu na udongo, na dakika hiyohiyo pakaza kisiki dawa ya kuua magugu kwa brashi, ukifuata maelezo ya chupa. Kukata bila dawa kunaweza kufaa pia, ila itabidi ukate kila chipukizi linapotokeza, miaka kadhaa, mpaka mizizi iishiwe akiba.

Wajukuu: okota maganda yote kabla hawajafika. Mbegu zake ni sumu, humtapisha mtoto vibaya, na maganda yakikauka hupasuka kwa kishindo yakazirusha mbali. Ukiwa bado na hamu ya zambarau, tafuta wisteria ya asili ya hukohuko Marekani. Ina vishada vifupi na adabu zaidi. Jirani mpelekee pilau kwanza, mwanasheria baadaye.

"Shangazi, muuza miche wa barabarani, Mbezi Beach, aliniuzia 'wisteria'. Majani yanakwaruza kama msasa. Nimetapeliwa? — Nimeuziwa"

Jina umetapeliwa, mmea hapana. Hiyo ni petrea, ya nchi za joto za Amerika. Wisteria halisi hutaka msimu wa baridi ndipo ichanue. Kwa joto la Mbezi ungepata majani na lawama. Petrea yako inataka jua na kichanja imara. Kiua cha katikati chenye rangi iliyoiva kitadondoka mapema, nyota iliyofifia inayokizunguka itabaki kwenye kishada. Haijaugua, usikimbilie dawa.

"Shangazi, mimi mpangaji, Leeds. Naweza kuilea kwenye chungu? — Sina Ukuta"

Unaweza. Tafuta chungu kikubwa chenye matundu, mche uliobebeshwa, na nguzo moja nene. Acha shina moja tu, ulifunge kwenye nguzo, na likifika kifuani pako ulikate kichwa litoe matawi. Maji usiyasahau kiangazi. Siku ya kuhama tafuta wabebaji wawili na uwalipe kabla, maana wakikiona hicho chungu watapandisha bei.