Mwongozo wa Kuishi na Nyoka Uliyemlipia Mwenyewe

Amefika ndani ya kikopo cha plastiki chenye vitundu kwenye kifuniko, kile kile cha kuwekea saladi, na mtoto wako amekikumbatia kuanzia kwenye maonyesho ya wanyama watambaao hadi ndani ya gari. Ndani yake kuna nyoka wa mahindi aliyeanguliwa juzijuzi: urefu wa sentimita 25 au 30, uzito wa gramu chache, rangi ya chungwa yenye mabaka mekundu. Wewe uliyekulia Tanga, Kitui au Bujumbura, uliyefunzwa kwamba nyoka akionekana uani watu huitana na fimbo hutafutwa, leo hapa Ohio umetoa dola zako halali ili huyu aingie ndani na alale kwako. Karibu. Kila agizo lililomo humu ni la kufuatwa.

Kwanza umjue ni nani. Wataalamu humwita Pantherophis guttatus, na mwainishaji wa viumbe Linnaeus alimwandika vitabuni mwaka 1766. Kwao ni mashariki na kusini mwa Marekani, kuanzia New Jersey kushuka hadi Florida na kuelekea Louisiana, kwenye misitu ya misonobari, mashamba yaliyoachwa na maghala ya nafaka yenye panya. Hana sumu. Panya humuua kwa kumzonga na kumbana, kisha humeza, kwa kawaida kuanzia kichwani. Akikua atafika mita 1.2, pengine 1.5, na akitunzwa vizuri ataishi miaka 15 hadi 20. Piga hesabu hiyo ukiwa bado hujatoa pesa. Mtoto wa miaka 12 ataondoka kwenda chuo, ataoa au kuolewa, na nyoka atakuwa bado yupo kwenye kona ya sebule yako akisubiri panya wake. Ulidhani unamnunulia mtoto, umejinunulia wewe.

Sheria nayo uiulize mapema. Hawaii hairuhusu kufuga nyoka nyumbani hata mmoja, na anayekamatwa naye anaweza kutozwa faini ya hadi dola 200,000 na kufungwa hadi miaka 3. Georgia, ambako nyoka huyu ni mwenyeji kabisa, hairuhusu kumfuga bila kibali, kwa sababu sheria ya huko inawalinda nyoka wa asili wasio na sumu. Jimbo la jirani linaweza kuwa na msimamo mwingine kabisa. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo lako, usimtegemee muuzaji. Na kama unasoma haya ukiwa Kilifi au Morogoro na umeanza kumtazama nyoka wa shambani kwa jicho la kufuga, mwache alipo. Kwetu wanyamapori hawafugwi bila kibali cha serikali, na nyoka wa mwituni usiyemtambua anaweza kuwa ndiye atakayekuzika. Nenda ukawatazame nyuma ya kioo kwenye vituo vya nyoka, Bio-Ken pale Watamu au Meserani karibu na Arusha, ukiwa na watu wanaowajua.

Sasa nyumba yake. Wazazi wengi hukimbilia tangi kubwa la kioo kwa sababu wanamwonea huruma. Nyoka mchanga haoni huruma hiyo. Anaona uwanja mtupu ambamo mwewe anaweza kushuka wakati wowote. Mpe boksi dogo la plastiki lenye matundu ya hewa, lijae vitu vya kujibana: maganda ya miti, majani bandia, na angalau maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Chini tandika karatasi za jikoni kwa wiki za mwanzo ili uone kinyesi chake, baadaye maranda ya mti uitwao aspen. Mbao za mwerezi usiziguse, na za msonobari ziache pia. Mafuta yake yenye harufu humdhuru. Bakuli la maji liwepo siku zote, na maji yabadilishwe.

Kifuniko ndicho kitakachokuonyesha kama umeuelewa mwongozo huu. Nyoka mchanga akipitisha kichwa, mwili wote umeshapita. Atajaribu kila pembe, usiku, kwa subira ambayo wewe huna, na kifuniko kilichowekewa vitabu juu si kifuniko. Kinatakiwa kifungwe kwa vibanio pande zote. Akitoroka, usivunje nyumba. Zima taa, chukua tochi, tafuta ukutani kwa chini, nyuma ya friji na popote penye joto na giza, na nyunyiza unga kidogo mlangoni mwa kila chumba ili asubuhi usome amepita wapi. Mwambie kila mtu aliyemo ndani, akiwamo yule ambaye ungependa asijue, kwa maana ndiye atakayemkuta bafuni.

Joto ni suala zito kuliko yote, na ndilo linaloua nyoka wengi mikononi mwa watu wema. Mwili wake hautengenezi joto la kumtosha. Yeye hulifuata na kulikimbia, kama wazee wa kijiweni wanaohamisha benchi kadiri kivuli kinavyosogea. Kwa hiyo boksi liwe na upande wa nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 22 hadi 24, naye achague. Bila joto la kutosha tumboni chakula hakisagiki, kinaoza, naye hukitapika. Joto likipita kiasi ataungua, kwa kuwa nyoka hulala juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka kwa wakati. Ndiyo maana mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya watambaao usiyanunue hata ukipewa kwa nusu bei. Nunua mkeka wa joto pamoja na kidhibiti joto, vyote viwili siku moja, na vipimajoto vya kidijitali kila upande. Mkeka bila kidhibiti ni moto uliouwasha ukaenda kulala. Mkono wako si kipimajoto, na maneno ya kwamba nyumba yetu huwa na joto hayana uzito wowote usiku wa Januari huku Ohio.

Vyote vikiwa tayari na vimejaribiwa siku kadhaa kabla yake, mweke ndani, funga, kisha mwache. Wiki nzima. Hakuna kumshika, hakuna kumtoa umwonyeshe jirani, hakuna video ya kundi la familia. Badilisha maji uondoke. Sehemu kubwa ya kumtunza nyoka ni kujizuia, na mtoto aliyesubiri mwaka mzima ataona wiki hii ni adhabu. Kaa naye. Mweleze kwamba mnyama huyu ametoka kwenye yai, akatiwa kikoponi, akapitishwa mbele ya nyuso mia moja, na sasa yuko ugenini peke yake.

Siku ya chakula ikifika, jikoni kutakuwa na mjadala. Nyoka huyu anakula panya, na akiwa mdogo anakula panya wachanga waliozaliwa jana, wekundu, wasio na manyoya, wanaouzwa wakiwa wamegandishwa. Watakaa ndani ya friza. Kama nyumba yako ina friza moja, ndani yake mna samaki, mihogo na kisamvu cha mkeo, na ni haki yake kukataa. Nunua kifriza kidogo cha pembeni kama unaweza, kwa sababu ya amani na pia ya afya: panya hao wanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na kugandishwa hakuwaui. Kama huwezi, wawekwe kwenye chombo kilichofungwa sawasawa, kimeandikwa kwa herufi kubwa, mbali na vyakula vya watu. Myeyushe panya ndani ya mfuko kwenye maji ya moto, katika bakuli lisilotumika kwa jambo jingine lolote hadi mwisho wa dunia. Maikrowevu usiitie katika habari hii.

Panya awe na unene unaolingana na sehemu nene ya mwili wa nyoka, au azidi kidogo tu. Kila siku 5 hadi 7 kwa mchanga huyu. Mpe kwa koleo, si kwa vidole, kwa kuwa kidole chenye harufu ya panya na panya mwenyewe havina tofauti kwake. Akikataa, mfunikie na umjaribu tena baada ya siku kadhaa. Kukosa mlo mmoja hakumdhuru nyoka mzima wa afya. Akishakula, asishikwe kwa saa 48. Akitapika, usikimbilie kumlisha upya: angalia joto, subiri siku 10 hadi 14, kisha mpe mlo mdogo zaidi. Na usimpe panya hai. Panya ana meno, na aliyezingirwa huyatumia.

Kuna asubuhi utamkuta rangi imefifia na macho yamekuwa ya kibuluu kama ya maziwa, nawe utaamini amepofuka. Anajivua gamba. Wachanga hufanya hivyo kila baada ya wiki chache, na wakati huo haoni vizuri, ana hasira, na anastahili kuachwa. Mwekee kikopo chenye karatasi za jikoni zilizoloweshwa ajifiche ndani yake. Gamba litatoka zima kuanzia puani, limegeuzwa nje ndani. Lichunguze kichwani: lazima uone vile viduara viwili vilivyofunika macho, kwani nyoka hana kope na gamba hulifunika jicho pia. Vikibaki, ongeza unyevu na umpeleke kwa daktari. Usivibandue kwa kucha.

Daktari huyo umtafute kabla hujahitaji, maana wengi wanaotibu mbwa na paka hawatibu nyoka. Dalili za kumpeleka mbio ni kupumua kwa mlio, makamasi mdomoni, kinywa kuachwa wazi, na vidudu vidogo vyeusi vinavyotambaa kwenye magamba au kuelea kwenye maji yake, yaani utitiri.

Akishakula milo miwili au mitatu bila shida, unaweza kuanza kumshika, dakika tano kwa kuanzia. Mwendee kwa ubavuni, kwa sababu kinachotoka juu kwake ni mwewe. Atatikisa mkia, pengine atakurukia. Meno yake ni madogo kiasi kwamba utastuka kuliko utakavyoumia. Hakupendi, wala hatakupenda mwakani. Anachojifunza ni kwamba mkono wako hauli nyoka. Kwa mnyama anayeogopa kila kilicho kikubwa kuliko yeye, hiyo ni hatua kubwa, na mtoto aliyeifikia amejifunza upole ambao sidhani angeufundishwa darasani. Baadaye anawe mikono kwa sabuni. Watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike kabisa, kwa ajili ya salmonela ile ile, na hakuna wa kumbusu.

Bado familia. Picha ikifika kwenye simu za nyumbani, kuna atakayesema umejiunga na wale wanaofuga nyoka chumbani akawatapikia fedha. Wajibu bila hasira, kwa risiti: ya mkeka, ya kidhibiti, ya panya, ya daktari. Na Bibi akitaka kuja kukaa miezi mitatu, aambiwe kabla tikiti haijakatwa. “Mama, shikamoo. Kuna jambo nataka ulijue ukiwa bado nyumbani.” Usimcheke. Anatoka kwenye nchi ya koboko, swila na kifutu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kung’atwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na hofu yake imewaokoa wengi kwao. Boksi lihamishwe kwenye chumba kinachofungwa kwa ufunguo, na ufunguo akabidhiwe yeye.

Siku ukimchoka, usimwachie porini. Florida wanajua gharama yake. Chatu wa Burma waliotoroka au kuachwa na wafugaji walizaana kwenye mabwawa ya Everglades, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba rakuni wanaoonekana huko walipungua kwa asilimia 99.3. Nyoka wako ni mdogo na hana makuu, lakini nje ya kwao hata yeye ni mvamizi, na ndani ya kwao anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa. Mtafutie mfugaji mwingine au kituo cha kuwaokoa watambaao.

Mnunulie mtoto daftari na mizani ya jikoni ambayo haitarudi jikoni. Aandike tarehe, mlo, uzito na siku ya kujivua. Gramu 6 zitakuwa 20, kisha 60, na ukurasa kwa ukurasa mtaona kama mnafanya sawasawa. Zikivuka 200, anzeni kupima sebule: nyoka mzima anahitaji tangi la sentimita 120 kwa 60, na itabidi mwafikiane ni kiti kipi kinatoka.