Bwawa Halivuji, Linapumua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mabalozi wa nyumba kumi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa, na mimi mwenyewe, nizungumzie bwawa la samaki la tofali na namna ya kulizuia lisivuje. Utaalamu huu sikuupata chuoni. Vyuo hufundisha yanayojulikana. Mimi nashughulika na yaliyobaki.

Tuanze na historia, maana asiyeanza na historia ni fundi tu. Karne ya 14, kule Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijengewa Husuni Kubwa, na ndani yake bwawa la pembe nane, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nimelikagua kwenye picha. Halina maji. Sina haja ya kusema zaidi kuhusu chokaa.

Sasa fundi wangu, kijana mwenye adabu ila ana ukaidi wa kuijua kazi, alinijia na masharti. Sakafu iwe zege lenye nondo na ukuta usimame juu yake, kwani ardhi ikititia, ufa hufunguka pale ukuta unapokutana na sakafu. Kona za ndani ziviringwe. Plasta iwe saruji kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vitatu, itiwe unga wa kuzuia maji, kisha ipigwe niru. Halafu, sikilizeni hili, imwagiliwe maji wiki nzima! Ukuta, mabibi na mabwana, umwagiliwe kama mchicha! Eti saruji hukomaa kwa maji, na ikiwahiwa na jua hupata nyufa nyembamba kama unywele. Nilikataa. Bwawa likizoeshwa kunywa utotoni, ukubwani nani ataliachisha?

Badala yake nilipaka rangi ya mafuta, ya buluu, mara tano. Ilikaa vizuri kwa muda wa kutosha kupiga picha. Kisha unyevu ukaisukuma kwa nyuma, ikabanduka vipande vipande. Wasiojua wakaona hasara. Mimi niliona bwawa limeanza kuota magamba, dalili njema kwa bwawa la samaki.

Fundi hakukoma. Akadai saruji mpya hutoa chokaa na kuyafanya maji yawe makali: sato wanataka pH ya kati ya 6.5 na 9, na maji ya saruji mbichi yanaweza kupita 11. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia, pima, ndipo ulete samaki. Nikamuuliza, ankara ya maji atalipa nani? Sato wakaingia jioni ile ile. Alfajiri niliwakuta wote juu ya maji, wamelala ubavu. Daftarini niliandika: samaki wametulia.

Nije kwenye hicho kinachoitwa kuvuja. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alileta ndoo, akaijaza, akaisimamisha bwawani juu ya tofali, akachora alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa. Hoja yake: jua huyapunguza maji ya ndoo na ya bwawa sawasawa, hivyo bwawa likishuka kuliko ndoo, kilichozidi kimevuja. Kesho yake ndoo ilishuka unene wa kucha. Bwawa lilishuka kiganja kizima. Mwalimu akatabasamu. Nikamkumbusha kwamba ndoo ni nyekundu na bwawa ni la buluu, na mwanasayansi halinganishi rangi tofauti. Akanionyesha bomba la kutolea maji, mahali plasta ilipoachana na plastiki, panatiririka. Hapo, nikamfahamisha, ndipo bwawa linapopumulia.

Wapo wanaoshauri kutandika karatasi nene ya plastiki bwawa zima na kuachana na habari ya plasta. Njia hiyo inafaulu, lakini haina heshima.

Mwisho, migomba ya huyo mwalimu, iliyo upande wa chini wa ukuta wangu, imenawiri kiangazi chote na sasa imebeba mikungu. Nimempelekea ankara ya umwagiliaji. Hajalipa. Naomba Mwenyekiti aliingize suala hilo kwenye ajenda, tena kabla ya maswali.