Namna ya Kulea Vumbi la Kiyoyozi

Kwanza nunua kiyoyozi. Najua Babati si Dar es Salaam. Mji umekaa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba watu wanatembea na masweta. Hilo lisikusumbue. Bosi asiye na AC ni karani aliyechelewa kustaafu.

Kikishafungwa, funga na madirisha. Upepo wa Mlima Kwaraa ni wa bure, na cha bure hakina hadhi. AC hizi za ukutani kwa kawaida hazivuti hewa ya nje. Huzungusha ileile ya ndani, kwa hiyo kikohozi cha mhasibu kitamfikia katibu muhtasi kikiwa kimepozwa vizuri.

Sasa filta. Ukiinua kifuniko cha mbele utaona wavu mwembamba unaochomoka kwa mkono na kuoshwa bombani, kazi ya dakika kumi pamoja na umbea. Usiuinue. Uache kiangazi kizima ushibe vumbi linaloingia na viatu kutoka stendi, pamoja na nyuzi za zulia na nywele za watumishi. Nyuma yake kuna koili yenye unyevu. Kuvu hawatahitaji mwaliko.

Jioni zima kiyoyozi. Asubuhi bonyeza rimoti ukiwa umesimama chini yake, maana pumzi ya kwanza ndiyo yenye ladha. Mgeni akikunja pua, mpulizie manukato ya chumba.

Wadenmark usiwasikilize. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, Profesa Ole Fanger na wenzake walipeleka watu kunusa ofisi na kumbi za Copenhagen: kwanza zikiwa tupu na mitambo imezimwa, kisha tupu na mitambo inanguruma, kisha zikiwa na watu. (Ndiyo, kuna nchi ambako kunusa ofisi ni kazi.) Ikaonekana kwamba mitambo ya hewa yenyewe ilikuwa miongoni mwa wachafuzi wakubwa, sambamba na mazulia na sigara. Watafiti wa baadaye wakaongeza kuwa filta kuukuu hunukisha hewa huku ikiendelea kuchuja: kila pumzi ya chumba lazima ipite juu ya taka ilizokusanya.

Wavu ukiziba kabisa, ubaridi utakata. Hapo ita fundi, na usisitize ajaze gesi. Gesi ina risiti. Ndoo ya maji na sabuni ya unga utaiandikia dokezo gani?