Samahani, Nimekufananisha

Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji, masheikh, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki kana kwamba mnangoja abiria na si elimu: itifaki imezingatiwa.

Naanza kwa kueleza kuchelewa kwangu. Barua ya mwaliko iliandikwa "Dimani". Mimi, kama msomi, nikaenda moja kwa moja bandarini Dar es Salaam kupanga foleni ya boti ya Unguja, kwa kuwa Dimani ninayoifahamu iko huko na ina jimbo lake la uchaguzi. Tiketi nimeshaishika mkononi ndipo nikauona mhuri wa Kibiti. Nikageuza hadi Mbagala Rangi Tatu, nikapanda basi, na kutoka Kibiti mjini nikaletwa na kijana yule pale, ambaye bado ananidai. Isieleweke kwamba nilikosea. Mtaalamu hakosei. Kosa ni la Dimani, ambazo zimekuwa mbili bila kibali.

Mada yangu ya leo ni Sayansi ya Kufananisha. Naona wengi mmekuja na matawi ya mikorosho yenye unga mweupe. Ahsanteni kwa kupamba uwanja. Yawekeni pembeni.

Kila siku pale sokoni Kibiti hutokea jambo la aibu kitaaluma. Mtu anamwona mwenzake kwa nyuma, anampiga bega: "Hamisi, deni langu vipi?" Anayegeuka si Hamisi. "Samahani, nimekufananisha." "Bila samahani." Wanacheka, kila mmoja anashika njia yake. Hakuna jalada, hakuna pingu, hakuna kusota rumande huku upelelezi ukiendelea. Maneno mawili tu, na mtu mzima na ndevu zake anakiri mbele za watu kwamba macho yamemdanganya! Nimetumia nusu ya umri wangu kuchunguza jinsi ofisi kubwa za dunia zilivyofanikiwa kutoyatamka maneno hayo.

Chukueni London. Mwaka 1877 tapeli mmoja aliyejiita John Smith alifungwa kwa kuwalaghai wanawake na kuondoka na vito vyao. Mwaka 1895 wanawake wakalizwa kwa mtindo ule ule, na mmoja wao akakutana barabarani na Mnorwe aitwaye Adolf Beck. Akapiga ukelele: ndiye! Wakaitwa wanawake wengine: ndiye. Akaitwa askari wa zamani aliyemjua Smith: ndiye. Mwaka 1896 Beck akapewa miaka 7.

Sasa watoto wazibwe masikio. Mwaka 1898 kumbukumbu za gereza zilionyesha kwamba Smith alikuwa ametahiriwa. Beck hakuwa. Naona wazee wa jando mnaangaliana. Hapa kwetu kesi ingekwisha kabla chai haijapoa, maana lile ni jambo ambalo likishakatwa halioti. Lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilikuwa na watu wenye msimamo. Wakambadilishia namba ya mfungwa, wakamwacha aendelee kutumikia! Akatoka 1901. Mwaka 1904 akakamatwa tena na kutiwa hatiani tena, kwa kosa lile lile la kufanana. Aliyeharibu kazi ni Smith mwenyewe, ambaye hakuwa na subira: aliendelea kutapeli Beck akiwa ndani, akanaswa. Serikali ikamlipa Beck pauni 5,000, na mwaka 1907 Bunge lao likalazimika kuunda mahakama ya rufaa za jinai. Miaka minane kwa maneno mawili. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoizungumzia.

Jirani zetu wa Nairobi nao walionja. Aprili 1954, katika msako wa wakoloni ulioitwa Operesheni Anvil, mtambuzi alivishwa gunia la kichwa lenye matundu ya macho, kisha watu wakapitishwa mbele yake. Gunia likitikisa kichwa, wewe safari ya kizuizini. Wakikuyu waliwaita watambuzi hao gakunia. Gunia haliulizwi lilikuona wapi wala lini, na ndiyo sababu ninaliheshimu.

Lakini bingwa wa wote ni kesi ya juzi juzi tu. Waitalia, wakisaidiwa na Waingereza, walikuwa wanamsaka Mweritrea aitwaye Medhanie Yehdego Mered, kwa lakabu "Jenerali", aliyekuwa akiwasafirisha watu kwa magendo kupitia Libya. Khartoum kulikuwa na Mweritrea mwingine, mkimbizi, mtu wa kukamua ng'ombe na kugonga useremala, jina lake Medhanie Tesfamariam Berhe. Medhanie na Medhanie! Mei 2016 alikuwa ameketi anakunywa kahawa. Akabebwa. Juni akashushwa kwenye ndege huko Italia mbele ya kamera, na ushindi ukatangazwa.

Hazikupita siku nyingi. Watu waliosafirishwa na Jenerali wakaitazama picha wakasema: siye. Mke wa Jenerali akasema: huyu si mume wangu. Sasa nawauliza akina mama, mke anajua nini kuhusu sura ya mumewe? Mama yake Berhe akafunga safari kutoka Eritrea mpaka Palermo akapimwa vinasaba: mwanangu. Mtoto wa Jenerali akapimwa vinasaba huko Sweden: si baba yake. Waendesha mashtaka hawakuyumba. Sauti za kwenye simu zikapelekwa kwa wataalamu, hazikuthibitisha kitu, hawakuyumba. Ndipo Julai 2019 jaji wa Palermo akatamka kwamba mtu aliyefungwa siye mtu aliyetafutwa. Hata hivyo alimkuta na kosa dogo, la kumuunganisha binamu yake na wasafirishaji, akamhesabia muda aliokaa, akamwachia. Hapo niliwavulia kofia. Ukishamweka mgeni ndani miaka mitatu, si adabu kumtoa mikono mitupu.

Nirudi hapa nyumbani. Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba kijiji hiki kina akina Saidi Omari wanne. Sikushangaa. Pwani mjukuu hurithi jina la babu, na babu mmoja huwa na wajukuu kama mpunga. Nikamuuliza, mnawatenganishaje? Akajibu bila kufikiri: yuko Saidi Kamba, anayevua kamba, yuko Saidi wa Bi Mwajuma, yuko Saidi Mnazi, kwa urefu, na yuko Saidi Redio, ambaye hanyamazi. Hata usiku wa giza, akikohoa tu mnajua ni Saidi yupi.

Utaratibu huo ni mzuri kwa ngoma na harusi, lakini ni wa kienyeji. Hati ya mashtaka haina mahali pa kujaza "Redio". Ina jina la kwanza, la pili na la ukoo. Hati ikisema Saidi Omari, basi wote wanne wamo, na atakayetangulia kufungua mlango ndiye. Kusema "mimi si yule Saidi" hakusaidii. Yule Saidi naye angesema hivyo hivyo. Tena ndivyo wanavyosema wenye hatia!

Mnadhani nazua? Delta yenu ya Rufiji yenyewe ni kitabu changu cha kiada. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, chuma cha mita 115, ilijificha humu mtoni ikafunikwa matawi ya mikoko. Waingereza waliitafuta mpaka walipoiona upande wa Salale mwisho wa Oktoba, na hata hapo iliwachukua hadi Julai 1915 kuiangamiza, kwa ndege na mizinga. Mvuvi aliyepita na mtumbwi wake hakuhitaji ndege kujua kwamba mkoko hauna bomba la moshi. Lakini mimi somo ninalochukua ni jingine, la kina zaidi: ikiwa meli inaweza kufanana na mkoko, basi kila mkoko ni wa kutiliwa shaka.

Na nadharia hii ya mkoko imewahi kufanyiwa kazi hapa hapa. Mwaka 2017, viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa mmoja mmoja, na tarehe 13 Aprili askari 8 wakauawa kule Mkengeni, wilaya zenu tatu, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, zikafanywa neno moja: MKIRU. Bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Ikawa ukisema Dar es Salaam kwamba umetoka Kibiti, mwenzako wa kiti cha daladala anasogea...

Naona vijana wameshuka kwenye pikipiki. Na kuna mkono umenyooshwa pale nyuma. Ndiyo, mzee mwenye kofia. Simama, baba.

Mzee anasema: "Mwalimu, mwanangu aliulizwa jina, akalitaja. Wakasema ndiye tunayemtaka. Humu tulikuwa na watu sita wa jina lile. Waliomchukua hawakusema wametoka wapi. Nilikuwa nataka kuuliza tu: ikiwa walimfananisha, samahani yake inachukuliwa ofisi gani?"

Swali zuri sana, mzee wangu. Swali zito. Tutalijibu mwishoni.

Tusonge mbele na sayansi ya kisasa. Leo Mtanzania ana namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole. Alama za vidole hazifanani, ndugu zangu. Ni saini aliyoitia Mola mwenyewe. Bibi mmoja hapa mbele ananionyesha mikono. Hebu. Ajabu, vidole ni laini kama mgongo wa kijiko. Anasema amebangua korosho tangu usichana wake, mafuta ya ganda yameila ngozi, na mashine ya kusajili laini ilimkataa mara tatu. Bibi, nasikitika kukuarifu kwamba kitaalamu haupo. "Nipo, mwanangu," anasema, "na VICOBA wananijua vizuri siku ya marejesho."

Mnacheka. Haya, chekeni, nimalizie na adui wa taaluma yangu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kupita wote, na kwamba asitiwe mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka kila uwezekano wa kufananisha umeondolewa. Shahidi aulizwe: ulimtazama kwa muda gani? Ukiwa umbali gani? Mchana au usiku, na mwanga ulikuwa wa nini? Ulikuwa unamjua kabla? Tangu siku ile majaji wetu wamegeuka mafundi taa. Kilikuwa kibatari au karabai? Kiliwekwa mezani au sakafuni? Kiliwaka kwa ukali gani? Mwizi ameingia na panga, na wewe ulalapo uvunguni uwe unapima utambi!

Tena kuna gwaride la utambulisho. Mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilielekeza mtuhumiwa achanganywe na watu wasiopungua 8 wanaolingana naye kwa umri, kimo na hali ya maisha. Kwa Dimani hilo ni jepesi, unaita binamu zake tu. Tatizo ni kwamba shahidi anaweza kuwachagua wote tisa.

Ninachojifariji nacho ni hiki. Kutoka mlangoni kwa Saidi hadi Mahakama ya Rufani ni safari ndefu sana, na msafiri huisafiri akiwa ndani. Majaji watamwachia, sikatai. Watamwachia kwa Kiingereza kizuri, chenye kurasa nyingi. Akirudi atakuta Saidi Mnazi ameshamwoa mkewe na shamba limeota miiba. Hakuna atakayemwandikia barua. Atakuwa ameachiwa huru, na wengine kijijini watasema wakubwa hawamkamati mtu bure.

Muda umetutupa mkono. Maswali yaliyobaki, likiwemo lile la mzee, yaandikwe kwenye karatasi na kutumbukizwa katika sanduku la maoni, ambalo naarifiwa kwamba ufunguo wake uko wilayani.

Mtendaji ananivuta koti. Anasema kuna jambo. Anasema mgeni waliyemwalika leo ni bwana shamba mwenye jina kama langu, aliyekuwa aje kuwafundisha wakulima habari za salfa na ubwiriunga, ule unga mweupe wa mikorosho, na kwamba watu wameacha mikorosho yao tangu asubuhi wakidhani labda nitafika huko. Anasema, mbele ya kadamnasi: "Samahani, mwalimu, nadhani tumekufananisha."

Mmemsikia? Nimefundisha mpaka koo limekauka, na yeye neno la kwanza analotoa ni hilo hilo! Hakuna kufananisha hapa, mheshimiwa. Kama ni salfa, wapulizieni mikorosho yote, wazima kwa wagonjwa, si inafanana? Lete hilo daftari la posho. Lete na kalamu. Jina la huyo bwana shamba si ndilo hili, herufi kwa herufi? Basi nionyeshe mstari wangu.