Mxiu, Ati Kocha Ana Tamaa!

Mxiu! Ati makocha wana tamaa. Nimeyasikia maneno haya hapa Port Bell mpaka yamenichosha. Baharia aliyeshuka na mabehewa ya Mwanza anasema hivyo, kijana wa bodaboda anamuunga mkono, mama wa mukene naye anaitikia huku akigeuza samaki juani: kocha leo yuko Kampala, kesho Kigali, keshokutwa Dar es Salaam, mtu gani huyo asiye na kwao? Basi leo nipeni nafasi niseme, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Tuanze na kocha Micho, kwa kuwa ndiye anayesemwa zaidi. Milutin Sredojević, Mserbia, alitua SC Villa mwaka 2001, akatwaa ubingwa, halafu safari ikaanza: Saint George ya Ethiopia, Orlando Pirates ya Afrika Kusini, Yanga mwaka 2007, Al-Hilal ya Omdurman, timu ya taifa ya Rwanda. Ukizipanga hivyo unaona mtu wa kuhamahama. Lakini Mei 2013 akakabidhiwa Cranes, timu yetu ya taifa, na safari hiyo akaachwa afanye kazi. Miaka minne! Septemba 4, 2016 pale uwanja wa Namboole, Farouk Miya akaifunga Comoro bao moja, Uganda ikafuzu AFCON ambayo hatukuwa tumeikanyaga tangu 1978. Kuna wazee hapa Luzira walilia siku ile, nanyi mnawajua.

Haya, Julai 2017 Micho akajiuzulu akidai malimbikizo ya mishahara. Si mshahara wa mwezi mmoja uliochelewa, ni malimbikizo. Baada ya siku chache yuko Orlando Pirates, na hapa kijiweni tukaanza: msaliti, mpenda fedha, mzungu hana uchungu na nchi. Mxiu! Mpakiaji wa hapa gatini asipolipwa wiki mbili, anarudi kubeba gunia la mwajiri yuleyule? Harudi. Wala hakuna anayemwita msaliti.

Ndiyo maana nakataa neno tamaa. Kocha wa ukanda wetu mara nyingi anahama kwa sababu hana namna ya kungoja. Tazama mambo yanavyokwenda. Timu inafungwa mechi tatu, mashabiki wanafoka, mwenyekiti anaogopa kiti chake. Hawezi kuwafukuza wachezaji 25 katikati ya msimu, maana dirisha la usajili limefungwa na kila mmoja ana mkataba. Kocha ni mmoja. Anaitwa ofisini, anaambiwa waachane kwa makubaliano ya pande mbili, anapewa kidogo na kuahidiwa kilichobaki. Akikataa, aende FIFA akadai. Na mnajua kudai kunachukua muda gani? Kocha Adel Amrouche alifukuzwa na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, mwaka 2014. Hadi 2019 deni lake, zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya, lilikuwa bado linasumbua, na Harambee Stars wakatishiwa kufungiwa nje ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Miaka mitano! Mtu mwenye watoto shuleni ale nini kwa miaka yote hiyo? Anachukua kazi inayofuata, iwe Botswana au Yemen. Amrouche huyohuyo alikuwa amefundisha Burundi kabla ya Kenya, baadaye akafundisha Tanzania, halafu Rwanda. Kaizunguka Afrika Mashariki karibu yote.

Msidhani ni wazungu na Waarabu tu. Kisa kinachoniuma zaidi ni chetu wenyewe. Julai 2011, fainali ya Kombe la Kagame la klabu za ukanda wetu, Dar es Salaam, Simba na Yanga uwanja mmoja. Benchi la Yanga kakaa Sam Timbe, benchi la Simba kakaa Moses Basena. Waganda wawili! Yanga wakashinda 1-0. Timbe alikuwa ameshalitwaa kombe hilo akiwa na Villa mwaka 2005, na Polisi ya Uganda 2006, na Atraco ya Kigali 2009. Vikombe vinne, klabu nne, nchi tatu. Ungetegemea Yanga wamjengee nyumba. Mwaka haukuisha kabla hawajamleta Kostadin Papić, na Simba nao wakamuondoa Basena, wakamchukua Milovan Ćirković. Yaani bingwa katoka na aliyefungwa katoka, wote wawili, ndani ya miezi michache. Sasa niambie kocha afanye nini ili abaki, kama hata kushinda hakumlindi?

Na Basena huyohuyo, Micho alipoondoka, ndiye aliyeitwa kushika Cranes kwa muda. Agosti 31, 2017 Namboole, Okwi akawatungua Misri, moja bila. Misri ile ya Salah. Mtu aliyeonekana hafai Dar es Salaam.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Mashindano ya CAF yanataka kocha mkuu mwenye leseni ya juu, na wenye karatasi hizo si wengi kwetu. Klabu ni nyingi, makocha wanaokubalika ni wachache, kwa hiyo majina yaleyale yanazunguka ziwa hili. Jackson Mayanja, Mia Mia wetu, kafundisha Kagera Sugar pale Bukoba, Coastal Union ya Tanga, hata Simba. Jonathan McKinstry alifundisha Rwanda, baadaye akaja Cranes, tukaachana naye 2021, akaenda Gor Mahia akachukua ubingwa wa Kenya mara mbili mfululizo. Hakuwa amejifunza mpira upya njiani Busia.

Sikatai kwamba wapo wanaofuata dau. Januari 2021 Simba waliipiga FC Platinum 4-0 na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kesho yake tu kocha wao, Sven Vandenbroeck, akaaga, akaenda FAR Rabat ya Morocco. Hilo liliwauma wenzetu wa Msimbazi, na wana haki. Lakini fikirini: mtu anayejua kwamba vipigo viwili vitamtoa, kwa nini asiondoke yeye siku ambayo bei yake iko juu? Uaminifu hauwezi kudaiwa upande mmoja.

Mnataka mfano wa kocha aliyeachwa atulie? Nendeni Lugogo, si mbali. Mike Mutebi alishika KCCA mwaka 2015 akakaa hadi 2021. Akachukua ligi tatu, akachukua Kagame 2019, akaifikisha timu makundi ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2018, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko, na Al Ahly walipokuja Kampala wakachapwa 2-0. Na nyinyi mashabiki wa Manchester United mnaojaza vibanda vya video kila Jumamosi, Ferguson wenu alifika Novemba 1986, kombe la kwanza akalipata Mei 1990. Hapa kwetu angefungashiwa virago Krismasi ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku klabu yenu itakapomtambulisha kocha mpya, na skafu shingoni na picha za tabasamu, msianze kuuliza kombe litakuja lini. Ulizeni kama aliyetangulia amelipwa chote. Ulizeni mkataba huu ni wa miaka mingapi, na wachezaji anachagua yeye au wanachagua kamati. Wanachama waulize kwenye mkutano mkuu, watangazaji waulize redioni, tena kwa sauti, na wasikubali kujibiwa kwamba mambo hayo ni ya ndani.